Mimbari na uhuru: Jinsi imani ilivyolinda haki za Wakenya, na pale ilipoteleza

SIKU ya Mwaka Mpya wa 1990, Kasisi Timothy Njoya wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki (PCEA) alipanda mimbarini katika kanisa la St Andrew's, Nairobi. Katika mahubiri yake alizitaja tawala za chama kimoja zilizokuwa zikiporomoka wakati huo mashariki mwa Ulaya, kisha akauliza iwapo zile za Afrika zingedumu.

Wakati huo Kanu ndicho chama pekee kilichoruhusiwa na sheria humu nchini. Viongozi wa chama hicho walimshambulia kasisi huyo kwa maneno makali, baadhi yao wakitaka azuiliwe.

Haikupita miaka miwili kabla ya Bunge kukifuta Kifungu cha 2A cha Katiba, mnamo Desemba 1991, na kurejesha mfumo wa vyama vingi.

Kasisi Njoya hakuangusha mfumo huo peke yake. Wanasiasa, mawakili, wanafunzi wa vyuo vikuu, akina mama na mataifa wafadhili walitia mkono. Hata hivyo, ni jambo linalohitaji kuelezwa kwamba katika taifa lililokuwa na Bunge, mahakama, magazeti na vyama vya wafanyakazi, mojawapo ya sauti za kwanza kusikika ilitoka kanisani.

Maelezo hayo yana umuhimu hadi leo. Mambo yaliyoipa dini nguvu ya kutetea uhuru miaka hiyo ndiyo hayo hayo ambayo, yalipodhoofika baadaye, yaliwaacha wananchi bila mtetezi.

MLANGO ULIOBAKI WAZI

Kufikia katikati ya miaka ya themanini, karibu kila asasi iliyoweza kuikosoa serikali ilikuwa imetiwa mfukoni. Mnamo Juni 1982, Bunge liligeuza Katiba na kuifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Miezi miwili baadaye, jaribio la mapinduzi la Agosti 1 liliipa serikali kisingizio cha kukaza kamba zaidi.

Mbunge aliyefukuzwa Kanu alipoteza kiti chake. Wahadhiri na mawakili walizuiliwa bila kufunguliwa mashtaka. Mkutano wa hadhara haungefanyika bila leseni ya wakuu wa utawala wa mikoa, na leseni hiyo ilikuwa silaha mikononi mwa wanaoitoa.

Ibada ya Jumapili na swala ya Ijumaa hazikuhitaji leseni. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya nguvu ya dini: palikuwa na mahali ambapo mamia ya watu waliweza kukusanyika kila wiki bila kumwomba ruhusa mkuu wa wilaya.

Sababu ya pili ni kwamba askofu hakuwa mwajiriwa wa serikali. Askofu wa Kianglikana alichaguliwa na kanisa lake, naye yule wa Kikatoliki aliteuliwa na Papa. Rais aliweza kumfuta waziri kwa tangazo la redio la saa saba mchana, lakini hakuwa na uwezo wa kumvua askofu joho.

Sababu ya tatu ni mtandao. Waraka wa maaskofu wa Kikatoliki ungeweza kusomwa katika parokia za nchi nzima Jumapili moja, hata kwa watu wasionunua gazeti. Makanisa pia yalikuwa na majarida, shule na hospitali, pamoja na marafiki ng'ambo ambao wangepiga kelele kasisi akikamatwa.

Sababu ya nne ilikuwa lugha. Mkulima ambaye hakuwahi kuisoma Katiba alizijua habari za Farao na Musa, na alielewa maana ya kisa cha Mfalme Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi. Mhubiri aliposimulia habari ya mfalme aliyempokonya maskini ardhi yake, hakuhitaji kutaja jina la mtu.

MIZIZI YA KALE

Uhusiano wa imani na uhuru haukuanza na vyama vingi. Mnamo 1913, Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa ya Waingereza, na wenyeji walikula viapo vya jadi kuuthibitisha umoja wao. Wakoloni walielewa nguvu ya viapo hivyo, ndiposa wakailipua Kaya Fungo kwa baruti mnamo 1914.

Katika Kenya ya kati, mgogoro wa 1929 kuhusu tohara ya wasichana uliwafanya Wakikuyu wengi kuyahama makanisa ya wamishenari na kuanzisha makanisa na shule zao. Baadhi ya shule hizo zililea vijana walioipigania nchi baadaye. Magharibi, Elijah Masinde aliongoza Dini ya Msambwa, ambayo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mnamo 1948.

Historia hiyo pia ina upande wa pili. Wamishenari wengi walishirikiana na serikali ya kikoloni, na wakati wa vita vya Mau Mau kuna waumini walioiunga mkono serikali hiyo. Dini, basi, imewahi kuwa ngao ya mnyonge na pia mto wa kulalia mwenye nguvu. Kinachoamua ni upande gani iko ni mienendo ya wanaoiongoza.

MLOLONGO WAKATALIWA

Mnamo 1986, Kanu iliamua kwamba katika uchaguzi wa mchujo wapigaji kura wapange foleni nyuma ya mgombea au picha yake. Mfumo huo ulijulikana kama mlolongo.

Wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) mnamo Agosti mwaka huo waliupinga. Hoja yao ilikuwa rahisi. Mchungaji anahudumia waumini wa kila upande; akijipanga hadharani nyuma ya mgombea mmoja, atawezaje kumzika au kumwozesha mtoto wa mfuasi wa mgombea mwingine?

Ingawa ilionekana kuwa hoja ya wachungaji pekee, iligusa kiini cha uhuru wa kila mpigaji kura. Kura ya siri humlinda mkulima dhidi ya chifu, na mfanyakazi dhidi ya mwajiri. Foleni humweka kila mmoja machoni pa mwenye uwezo wa kumwadhibu.

Serikali ililegeza kidogo kwa kuwaruhusu viongozi wa dini na watu wa kada nyingine kadhaa wasipange foleni, lakini mwananchi wa kawaida aliachwa kwenye mstari. Si makanisa yote yaliyokuwa na msimamo mmoja. Kanisa la Africa Inland, ambalo Rais Daniel arap Moi alikuwa muumini wake, lilijiondoa katika NCCK mwaka huo.

Uchaguzi wa 1988 ulithibitisha hofu iliyokuwapo. Mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mlolongo alitangazwa mshindi bila kupingwa, na katika maeneo kadhaa waliokuwa na foleni fupi ndio waliotangazwa washindi. Jarida la NCCK, Beyond, lilipochapisha habari za udanganyifu huo, lilipigwa marufuku na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa jela.

Huko Kirinyaga, Askofu David Gitari aliyekemea wizi huo wa kura alivamiwa nyumbani kwake usiku mnamo Aprili 1989, akanusurika kwa kupanda juu ya paa. Mlolongo wenyewe ulitupiliwa mbali kufikia mwisho wa 1990.

ASKOFU ALIYEKWENDA BUSIA

Mwaka huo wa 1990 ndio uliodai gharama kubwa. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, ambaye tangu 1974 alikuwa amechapisha kitabu kuhusu kanisa na siasa katika Afrika Mashariki, alitaka vyama vingi virejeshwe na muhula wa rais uwekewe kikomo.

Askofu Alexander Muge wa Eldoret naye alikuwa akikemea ufisadi na unyakuzi wa ardhi. Mnamo Agosti, Waziri wa Leba Peter Okondo aliwaonya maaskofu hao wawili wasikanyage Busia, akisema huenda wasitoke huko wakiwa hai.

Askofu Muge alikwenda. Alihubiri Busia Agosti 14, na alipokuwa njiani kurejea Eldoret gari lake liligongana na lori, akafariki papo hapo. Bw Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Kifo hicho kilichukuliwa rasmi kuwa ajali, lakini Wakenya wengi hawakuridhika na maelezo hayo.

Jambo lililobaki akilini mwa umma ni kwamba kulikuwa na mtu aliyeonywa waziwazi na bado akaenda. Utawala wa vitisho hutegemea hesabu moja: kwamba kila mtu atajali roho yake kuliko anachokiamini. Anapotokea mmoja anayeikataa hesabu hiyo, vitisho hupungua makali hata kwa wengine.

HIFADHI YA AKINA MAMA

Vyama vingi viliporejea, uhuru haukuja kwa siku moja. Mnamo Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiungwa mkono na Profesa Wangari Maathai, walianza kugoma kula katika bustani ya Uhuru wakidai wana wao waachiliwe. Polisi waliwavamia Machi 3, na baadhi ya akina mama hao wakavua nguo kama laana kwa waliowapiga.

Walipofukuzwa bustanini, walikimbilia Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani na kukaa humo kwa takriban mwaka mmoja, hadi wengi wa wafungwa hao walipoachiliwa. Kanisa hilo lilijua kwamba kuwapa hifadhi kulikuwa kuikaidi serikali.

Miaka mitano baadaye, Julai 7, 1997, polisi waliingia katika kanisa hilo hilo wakati waliokuwa wakidai mageuzi ya kikatiba walikuwa humo. Vitoa machozi vilirushwa ndani na watu wakapigwa, Kasisi Njoya akiwa miongoni mwao. Watu waliokuwa wakisitasita walishtuka. Baada ya miezi michache, wabunge wa pande zote walikubaliana kuhusu mageuzi yaliyoondoa, miongoni mwa mengine, hitaji la leseni ya mikutano.

Katika Bonde la Ufa, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru aliwatetea waliofurushwa makwao katika ghasia za kikabila zilizoanza 1991, huku NCCK ikikusanya ushahidi kuhusu waliozichochea. Padre John Kaiser, Mmarekani aliyehudumu miongoni mwa waathiriwa na kutoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi, alipatikana ameuawa kwa risasi karibu na Naivasha mnamo Agosti 2000. Wachunguzi wa Marekani walidai alijiua, lakini mahakama ya Kenya iliamua mnamo 2007 kwamba aliuawa.

WAISLAMU NA CHAMA KILICHONYIMWA USAJILI

Simulizi ya uhuru humu nchini mara nyingi hutolewa kana kwamba ni ya Wakristo peke yao. Pwani inasema vingine.

Mnamo 1992, Waislamu walianzisha Islamic Party of Kenya (IPK) jijini Mombasa. Serikali ilikataa kukisajili kwa hoja kwamba kilijengwa juu ya misingi ya dini. Wafuasi wake walijibu kwamba chimbuko lake lilikuwa malalamiko ya kiraia: kunyimwa ardhi, elimu na kazi, na kusumbuliwa wakitafuta vitambulisho na pasipoti huku wakidaiwa uthibitisho wa uraia ambao wengine hawakudaiwa.

Sheikh Khalid Balala alipoanza kukihubiria chama hicho, maelfu walimfuata. Kukamatwa kwake na wenzake kuliibua ghasia Mombasa. Baadaye, akiwa nje ya nchi, serikali ilikataa kumpa pasipoti mpya, na hakurejea hadi 1997. Mtu aliyelalamika kwamba Waislamu wanatiliwa shaka kuhusu uraia wao, basi, aliadhibiwa kwa uraia wake huo huo kutiliwa shaka.

Somo la IPK ni zito. Uhuru wa taifa haupimwi kwa hali ya walio wengi pekee. Hupimwa pia kwa kuangalia iwapo walio wachache wanaweza kulalamika bila kuambiwa kwamba si wenyeji.

UFUNGAMANO

Kilele cha mchango wa dini kilifikiwa Desemba 1999. Kanu na wabunge walipotaka marekebisho ya Katiba yafanywe chini ya usimamizi wa Bunge, viongozi wa Kiprotestanti, Kikatoliki, Kiislamu na Kihindu walikutana katika Jumba la Ufungamano, Nairobi, wakaanzisha mchakato wao wa kukusanya maoni ya wananchi. Waliunda tume yao wenyewe iliyoongozwa na Dkt Oki Ooko Ombaka.

Dini hizo zilikuwa na tofauti nyingi za imani. Walichokubaliana ni kwamba Katiba ni mali ya mwananchi. Mwaka wa 2001, tume yao iliunganishwa na ile ya serikali iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai, na safari iliyofikia Katiba ya 2010 ikaanza kwa dhati.

KUTELEZA

Ushindi wa Narc mnamo Desemba 2002 ulileta mtihani ambao viongozi wengi wa dini hawakuutarajia. Waliokuwa wenzao katika mapambano sasa walikuwa Ikulu. Ni vigumu kumkemea rafiki, hasa anapokualika mezani. Baadhi yao waliingia siasa moja kwa moja, akiwemo Kasisi Mutava Musyimi aliyekuwa katibu mkuu wa NCCK, ambaye alichaguliwa mbunge wa Gachoka mnamo 2007.

Kufikia uchaguzi wa 2007, maaskofu na wachungaji walikuwa wamegawanyika kwa misingi ya makabila yao. Baadhi waliwaombea wagombea hadharani na kuwatabiria ushindi. Ghasia zilipozuka, hapakuwa na sauti moja ambayo pande zote zingeisikiliza. Mnamo Januari 1, 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa moja huko Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo, wakiwemo wanawake na watoto.

Mahali ambapo mnamo 1992 palikuwa hifadhi ya akina mama palikuwa pamegeuka kaburi. Mnamo Februari 2008, NCCK iliomba taifa msamaha, ikikiri kwamba viongozi wa makanisa waliegemea pande za kisiasa na hivyo wakashindwa kulikabili janga hilo.

Miaka miwili baadaye, makanisa mengi yalipinga Katiba mpya kwa sababu ya mahakama za kadhi na kifungu kuhusu uavyaji mimba. Hata hivyo, mahakama za kadhi hazikuwa jambo geni. Zilikuwa zimelindwa tangu makubaliano ya 1963 yaliyoliunganisha eneo la maili kumi la Pwani na Kenya. Wananchi, wengi wao Wakristo, waliipitisha Katiba hiyo Agosti 4, 2010 kwa takriban thuluthi mbili ya kura.

SADAKA NA MASHARTI YAKE

Tangu wakati huo, tishio kubwa kwa uhuru wa mimbari limekuwa bahasha. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mwanasiasa anayechangia paa la kanisa au zulia la msikiti hutarajia kupewa kipaza sauti, na akishapewa, mhubiri huona haya kumuuliza pesa hizo zilitoka wapi.

Wapo waliojaribu kuikata kamba hiyo. Mnamo Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit aliwakataza wanasiasa kuhutubu katika ibada ya kumtawaza Askofu Rose Okeno huko Butere. Wakati wa maandamano ya vijana ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, makanisa yaliyowapa wanasiasa jukwaa yalisutwa peupe na waumini wake wenyewe.

Mnamo Novemba 2024, maaskofu wa Kikatoliki waliikosoa serikali vikali. Siku chache baadaye, Askofu Mkuu wa Nairobi Philip Anyolo aliagiza mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais William Ruto katika parokia moja ya Soweto, Embakasi, yarejeshwe.

Wakati huo huo, mkasa wa Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, umeonyesha kwamba dini yenyewe inaweza kumnyang'anya mtu uhuru, hata ule wa kula na kuishi. Serikali inataka kudhibiti mashirika ya dini. Viongozi wa dini wanahofia kwamba udhibiti huo utatumiwa kuwanyamazisha wakosoaji. Hofu zote mbili zina msingi. Sheria inayofaa ni ile inayoadhibu madhara bila kumpa afisa wa serikali uwezo wa kuamua ni mahubiri yapi yanayokubalika.

KINACHOTAKIWA

Katiba ya 2010 inamtaja Mwenyezi Mungu katika utangulizi wake, lakini Kifungu cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa, na Kifungu cha 32 kinamhakikishia kila mtu uhuru wa dhamiri, imani na maoni. Mambo hayo hayapingani. Dini isiyo mali ya serikali ndiyo inayoweza kuiambia serikali ukweli.

Historia ya Kenya haionyeshi kwamba taifa huwa huru kwa kuwa tu lina waumini wengi. Mnamo 1988, foleni za mlolongo zilijaa waumini, na waliotangaza washindi wa uongo nao walikwenda kanisani Jumapili iliyofuata. Kilicholeta tofauti ni watu wachache waliokuwa na mahali pa kusimama pasipo pa serikali, wasiodaiwa chochote na mwenye mamlaka, na walioitetea haki ya jirani wa kabila na dini nyingine kama yao.

Uchaguzi mkuu wa 2027 unapokaribia, wanasiasa wanazidi kutafuta nafasi katika nyumba za ibada. Muumini hana haja ya kusubiri waraka wa maaskofu au tamko la baraza la maimamu ili ajue hali ya mimbari yake. Anaweza kuanza kwa kuuliza katika kamati ya kanisa au msikiti wake ni nani aliyelipia paa, na alipewa nini.